Kimya cha Sekunde 168

Waswahili husema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo aghalabu hutumiwa kumwonya mtu asimdharau adui aliyenyamaza. Lakini katika mji wa Oklahoma City, huko Marekani, upo ukimya wa namna nyingine, ambao mshindo wake ulitangulia. Mshindo huo ulisikika siku ya Jumatano, tarehe 19 Aprili 1995, saa tatu na dakika mbili asubuhi. Ukimya wenyewe huja kila mwaka, aghalabu Jumapili ya mwisho ya Aprili, kabla ya jua kuchomoza, wakati maelfu ya wakimbiaji wanaposimama barabarani kwa muda wa sekunde 168 bila kunena neno. Hiyo ni sekunde moja kwa kila roho iliyopotea.

Siku hiyo ya 1995 lori lililosheheni bomu liliegeshwa mbele ya jengo la serikali la ghorofa tisa, lililojulikana kwa jina la Alfred P. Murrah. Bomu lilipolipuka, upande mzima wa jengo uliporomoka, na majengo mengine zaidi ya 300 ya jirani yakapata madhara. Walifariki watu 168, na mamia wengine wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliofariki walikuwamo watoto 19, na wengi wao walikuwa katika kituo cha kulelea watoto kilichokuwa ndani ya jengo hilo hilo, ambako wazazi wao waliwaacha asubuhi kisha wakaenda kazini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini siku ile hata asiyezaa aliujua.

Kwa watu wa sare, habari hii ina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni chungu. Aliyetega bomu, Timothy McVeigh, hakuwa mgeni aliyetoka ng'ambo. Alikuwa mwananchi wa nchi ile ile na aliyepata kuwa askari wa jeshi lake, akapigana katika vita vya Ghuba mwaka 1991. Kikulacho ki nguoni mwako. La pili ni la kutia moyo. Muda wa dakika 90 hivi baada ya mlipuko, askari wa doria ya barabara kuu aliliona gari lisilo na namba ya usajili, akalisimamisha, akamkuta dereva ana silaha, akamtia mbaroni. Askari yule hakujua amemkamata nani. Alikuwa akifanya kazi yake ya kila siku, kama alivyoifanya jana na juzi. Siku mbili baadaye, mtuhumiwa angali mahabusi, ndipo ilipobainika kuwa ndiye aliyekuwa akisakwa nchi nzima. Alihukumiwa kifo, na hukumu ikatekelezwa tarehe 11 Juni 2001.

Mahali palipokuwa na jengo leo pana bustani ya ukumbusho, iliyozinduliwa tarehe 19 Aprili 2000. Pana malango mawili makubwa ya shaba yanayotazamana, na katikati yake ni kidimbwi cha maji yaliyotulia. Lango moja limeandikwa 9:01 na la pili 9:03, kwa hesabu ya saa ya kizungu. Yaani dakika moja kabla ya msiba na dakika moja baada yake. Kando ya maji vimepangwa viti 168 visivyokaliwa na mtu, kwa safu tisa, kila safu ikiwakilisha ghorofa moja, na viti 19 miongoni mwa hivyo ni vidogo kuliko vingine. Juu kidogo umesimama mti wa zamani ambao moto wa magari yaliyoungua uliubabua siku ile, na watu wakadhani umekufa. Lakini ulichipua tena, na hadi leo mbegu zake huoteshwa miche na kugawiwa watu wapande kwao.

Mwaka 2001, katika mji huo, ndipo zilipoanzishwa mbio za marathoni za ukumbusho. Tangu hapo zimekimbiwa kila mwaka, ijapokuwa mwaka 2020 janga la korona liliwazuia watu kukusanyika, na kila mkimbiaji akakimbia peke yake kwao, na mwaka 2021 mbio zikasogezwa hadi mwezi wa Oktoba. Zimepata kuwa na watu zaidi ya 20,000 kwa siku moja: wapo wanaokimbia kilomita 42 na mita 195 kamili, wapo wa nusu ya masafa hayo, wapo wanaopokezana watu watano watano, na wapo watoto wanaomaliza kipande kifupi cha mwisho baada ya kujilimbikizia maili nyingine kidogo kidogo shuleni na nyumbani kwa miezi. Fedha zinazopatikana husaidia kuendesha bustani na makumbusho yake.

Mtu wa Afrika Mashariki anaposikia habari hizi huenda akashangaa. Kwetu, penye msiba watu huketi chini, hutandika mikeka, huzungumza kwa sauti ya chini, hupika kwa ajili ya wageni. Hawakimbii, wala hawapigi muziki kando ya njia. Je, si kulidharau kaburi, kufanya mashindano karibu yake? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, nalo liliulizwa pia na mama mmoja mkaazi wa mji ule, mke wa askari polisi aliyekwisha staafu. Majibu aliyapata kwa miguu yake mwenyewe.

Mume wa mama huyo alikuwa kazini siku ya mlipuko. Alikuwa mmoja wa mamia waliotumwa kufukua vifusi kwa mikono, kwa ndoo na kwa majembe, pamoja na wazimamoto, wauguzi, na mbwa waliofunzwa kunusa. Shughuli hiyo iliendelea zaidi ya wiki mbili. Picha iliyosambaa duniani kote kutokana na siku ile ni ya mzimamoto aliyempakata mtoto mchanga. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba aliyemtoa mtoto yule katika vifusi na kumkabidhi mzimamoto alikuwa askari polisi, na kwamba mtoto mwenyewe alikuwa ametimiza umri wa mwaka mmoja siku iliyotangulia tu.

Mume yule hakuwa katika picha yoyote. Aliporejea nyumbani usiku wa kwanza, alivua viatu vyake nje ya mlango, akavitia katika mfuko, akaufunga mfuko kwa kamba na kuuweka juu ya kabati la stoo. Kesho yake alikwenda kazini kwa viatu vingine. Mkewe hakuuliza. Wake wa askari hujifunza mapema kutofautisha swali linalojibika na lisilojibika, na mama huyu alijifunza vyema kuliko wengi. Miaka ikapita. Watoto wakakua, wakaondoka. Mume akapandishwa cheo, akastaafu kwa heshima, lakini katika nyumba ile mwezi wa Aprili uliendelea kuwa mwezi wa kuzima redio mapema.

Mama alianza kukimbia akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, si kwa ajili ya ukumbusho, bali kwa ajili ya shinikizo la damu, baada ya daktari kumtaka aanze kutembea. Alianza kwa kutembea hadi sokoni na kurudi. Baada ya miezi mitatu alikuwa akichanganya kutembea na kukimbia. Baada ya mwaka alikuwa anaweza kukimbia kilomita kumi bila kusimama. Polepole ndio mwendo. Alipoanza kwenda masafa marefu, alfajiri ambapo barabara bado ni tupu, mumewe alihofia usalama wake, kama ilivyo desturi ya polisi kuona hatari kila pembe. Kwa hiyo akatafuta baiskeli, akawa anamfuata kandokando, amechukua chupa za maji na taulo.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halikupangwa. Watu wawili wanaokwenda bega kwa bega gizani hawatazamani usoni. Hakuna meza kati yao, hakuna taa, hakuna anayesubiri jibu. Asubuhi moja, katika kilomita ya kumi na tano hivi, mume akasema neno moja kuhusu vumbi la siku ile. Mkewe hakupunguza mwendo, wala hakugeuka. Wiki iliyofuata akasema jambo la pili, kuhusu simu za watu zilizokuwa zikilia chini ya vifusi katika maofisi yaliyoporomoka, na hakuna wa kuzipokea. Maneno yaliyoshindikana mezani kwa miaka ishirini yalianza kutoka barabarani, moja moja, kama matone. Mwisho wa majira yale ya mazoezi mama alikuwa amekwisha jua kwa nini mfuko wa viatu haukufunguliwa, na alikuwa amejiandikisha kukimbia marathoni.

Siku ya mbio huanza usiku. Mkimbiaji mwenye busara huwa amelala mapema, lakini usingizi wenyewe huwa haba, kwani kila saa huamka kutazama kama kumekucha. Hula chakula chepesi alichokizoea: mkate, ndizi, uji, wala hathubutu kujaribu kitu kipya siku hiyo, iwe ni chakula au viatu. Katika giza watu hutiririka kutoka kila mtaa kuelekea mahali pa kuanzia, wamejifunika nguo kuukuu watakazozitupa jua likipanda. Wengine huandika kwa mkono, katika kipande cha karatasi walichobandika mgongoni, jina la mtu wanayemkumbuka. Wamo wazimamoto ambao wamepata kukimbia na mavazi yao mazito ya kazi, na askari wenye mabegi mgongoni. Si mashindano ya nani atatangulia. Kwa wengi wao, jambo ni kufika.

Mbio huanza saa kumi na mbili na nusu. Kabla yake huja ule ukimya. Msemaji huwaomba watu wanyamaze, na kelele za maelfu hukatika kama uzi. Sekunde kumi za kwanza ni nyepesi. Baada ya ishirini mtu huanza kusikia pumzi ya jirani yake. Baada ya hamsini husikika upepo, bendera zikipiga mlingoti, mtoto mahali fulani akilia na kubembelezwa. Hapo ndipo akili hutambua kwamba muda huu wote ni majina, na majina bado hayajafika nusu. Dakika mbili na sekunde arobaini na nane ni muda mfupi wa kuchemshia maji, bali ni muda mrefu mno wa kuhesabia maiti. Mama yule alisema baadaye kuwa kilomita zote zilizofuata hazikuwa ndefu kama dakika hizo mbili na ushei.

Kisha ishara hutolewa, na miguu huondoka. Katika kilomita za mwanzo hatari kubwa ni furaha. Damu imechemka, watu wanashangilia, na kila mmoja hujiona kijana. Anayekubali kuvutwa na mkondo wa wenye kasi atalipa deni hilo baadaye, pamoja na riba. Kando ya njia yamesimamishwa mabango 168, kila moja likiwa na jina la mmoja wa waliouawa. Wapo wakimbiaji wanaolinyooshea mkono kila bango na kuligusa wapitapo. Wapo wanaolisoma jina kwa sauti. Kwa namna hiyo, majina yaliyokuwa yamechongwa juu ya viti visivyokaliwa hutoka matembezini, yakasikika mitaani tena.

Na furaha ipo, haikatazwi. Pana kilima kimoja ambacho wenyeji wamekigeuza kuwa cha vichekesho: watu wazima huvaa mavazi ya gorila, hupiga ngoma na kugawa ndizi, na hata mkimbiaji aliyechoka hana budi kucheka. Wanafunzi hupiga tarumbeta. Wazee huketi nje ya nyumba zao kwenye viti vya kukunja, wakishangilia wasiowajua. Mtu aliyeuliza kama si dharau kushangilia penye msiba hupata jibu lake hapo. Hata kwetu, wakati wa matanga, jikoni nyuma ya nyumba wanawake hucheka wakimenya viazi, na mfiwa akisikia kicheko hicho hapungukiwi heshima. Hupata kujua kwamba nyumba haijahamwa na watu.

Kwa miaka mingi njia imepita kandokando ya ziwa liitwalo Hefner, ambako hakuna majumba ya kukinga upepo, na upepo wa nyanda za Oklahoma si wa mchezo. Hapo umati huisha. Mkimbiaji husikia viatu vyake tu. Mama alikuwa hajafika hata nusu ya safari alipotupa jicho kwenye saa ya mkononi, akaona imetimia saa tatu na dakika mbili. Hakuna aliyepiga kengele. Wakimbiaji waliokuwa mbele yake na nyuma yake waliendelea kwenda. Naye akaendelea. Akafikiri kuwa saa hiyo hiyo, mwaka 1995, waliokuwa ndani ya jengo nao walikuwa katikati ya shughuli: mmoja anatia saini barua, mwingine anamwaga chai, mwingine anamfunga mtoto kamba za viatu. Wao hawakumaliza. Kwa hiyo yeye atamaliza.

Ahadi kama hiyo ni nyepesi kuitoa, bali mwili una hesabu zake. Akiba ya wanga iliyowekwa katika misuli na ini huwatosha watu wengi kwa kilomita thelathini hivi. Ikisha, mwili hulazimika kuchoma mafuta, ambayo huwaka polepole. Ndipo miguu huwa mizito kama iliyofungwa mchanga. Misuli hukaza, kucha za vidole hugeuka nyeusi, malengelenge hupasuka ndani ya soksi, na mtu mwenye akili timamu hushindwa kukokotoa kilomita zilizobaki. Anayekunywa maji mengi mno bila chumvi hudhurika kama asiyekunywa kabisa. Hapo hakuna hila wala ujuzi. Pana hatua moja, kisha nyingine.

Katika kilomita ya thelathini na tano palikuwa na meza ya maji, na nyuma ya meza alisimama mzee mmoja amevaa kofia, akijaza vikombe. Miaka yote ya utumishi wake alizifunga njia panda siku ya mbio ili magari yasipite, akiwapa wakimbiaji mgongo na kutazama barabara. Sasa alikuwa amegeuka upande wao. Mkewe alipofika, hakusema neno. Alimpa kikombe, akamega kipande cha ndizi akampa, akaitazama miguu yake kama fundi anavyotazama gurudumu. Kisha akatoka nyuma ya meza, akatembea naye hatua kama mia moja, bega kwa bega, kama asubuhi za mazoezi. Walipofikia bango moja akasimama. Akalitaja jina lililoandikwa pale, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemtaja jirani. Akasema kuwa huyo alimkuta yeye. Kisha akamwambia mkewe aende, asipoe.

Mama alimaliza karibu na saa sita mchana, nyuma ya maelfu na mbele ya mamia. Alivikwa medali, akafunikwa blanketi, akalia kidogo, kama wanavyolia wengi pale, pasipo kujua wanalilia miguu au wanalilia wafu. Alasiri wakaenda bustanini pamoja, yeye akishuka kila ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Mume hakuingia kati ya viti. Alikaa chini ya ule mti, akavua kofia, akawa anatazama kutoka mbali. Mkewe hakumhimiza. Ilikuwa mara ya kwanza afike pale tangu vifusi vilipoondolewa, na kwa siku moja hayo yalitosha.

Nairobi na Dar es Salaam ziliipata dakika yao tarehe 7 Agosti 1998, na Kampala ikaipata yake tarehe 11 Julai 2010. Katika miji hiyo nako wamo askari waliofukua, wauguzi waliofunga majeraha, madereva waliopakia majeruhi, waliorudi nyumbani usiku wakavua viatu nje ya mlango. Si lazima kila mmoja akimbie marathoni. Bali familia za watu wa sare zaweza kujifunza jambo moja dogo kutoka kwa nyumba hiyo ya Oklahoma City: kwamba mtu aliyenyamaza hafunguki kwa kuwekwa kitako na kuhojiwa, hata kwa mapenzi. Hufunguka akipata mwenzi wa kwenda naye njia, shambani, kisimani, au barabarani alfajiri, asiyemtazama usoni wala kumharakisha, na atakayekuwapo tena kesho.

Mfuko wa viatu ungali juu ya kabati la stoo. Haujafunguliwa. Lakini mwezi wa Aprili redio haizimwi tena mapema, na baiskeli imetiwa mpira mpya.